Askari wa Mchezo na Mzigo wa Mpagazi

Siku hizi si lazima mtu aende mbali ili aone vita. Vijana wetu wanavyo mfukoni, ndani ya simu. Na wale wanaosoma mijini huvikuta katika kompyuta. Kijana wa Tlawi aketi kivulini, awe jemadari, apange vikosi vyake, avuke mito, achome ngome. Kisha mama akiita kwamba ugali umeiva, hufunga vita vyote kwa kidole kimoja akaenda kunawa mikono.

Leo sisemi habari ya saa zinazopotea, wala ya macho yanayoumia. Hayo yamesemwa mara nyingi, na kila mzazi ayajua. Nataka tutazame ugomvi mmoja uliomo ndani ya michezo hiyo yenyewe, wachezaji wao kwa wao. Ukiusikia kwa mara ya kwanza waweza kucheka na kusema, Haya ni mambo ya watoto. Lakini fuatana nami polepole, maana ugomvi huu utatufikisha kwenye makaburi ya babu zetu.

UGOMVI WENYEWE

Kuna michezo ya vita inayosema: Mimi ni vita fulani vya kweli, vya mwaka fulani, mahali fulani. Humo mchezaji hupewa majeshi, naye huamua jinsi ya kuyatumia. Michezo mingi ya namna hii humruhusu pia kuvibadili vikosi vyake: kuwavika askari nguo nyingine, kuwapa silaha nyingine, kuongeza farasi hapa na mizinga pale.

Basi wachezaji wamegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza lasema: Ukijiita vita vya kweli, uwe wa kweli. Kofia iwe ile ile, bunduki iwe ile ile, hesabu ya watu iwe ile ile. Usinipe leo kitu ambacho kilizaliwa miaka 20 baadaye. Kundi la pili lajibu: Mchezo ni mchezo. Ikiwa kila jambo litakwenda kama lilivyokwenda zamani, mimi hapa nina kazi gani? Nipe kikosi nikitengeneze nipendavyo, nione kama ningaliweza kushinda pale waliposhindwa wakubwa.

Wameteta kwa maneno makali. Mwaka 2018 mchezo uitwao Total War: Rome II, wa vita vya dola ya Roma, ulizua ghasia kubwa kwa sababu wachezaji walikuta majemadari wanawake katika majeshi yao. Mwaka huo huo mchezo mwingine, Battlefield V, ulishambuliwa vivyo hivyo kwa ajili ya askari mwanamke na jinsi mchezaji alivyoweza kumpamba askari wake. Wengine walisema historia imechafuliwa. Wengine wakasema wenzao wametafuta kisingizio tu.

Je, nani ana haki? Kabla ya kujibu, tujue kwanza michezo hii ilitoka wapi.

MEZA YA VITA NA BAO LETU

Mwaka 1812 bwana mmoja wa Prussia, Georg Leopold von Reisswitz, alimwonyesha mfalme wake mchezo wa vita wa mezani. Mwaka 1824 mwanawe, aliyekuwa afisa wa mizinga, aliutengeneza upya. Alitumia ramani, vipande vidogo vyekundu na vya buluu, dadu, na mwamuzi. Haukuwa wa kujifurahisha tu, bali wa kuwafunza maofisa kazi yao.

Sikilizeni jinsi ulivyokuwa. Afisa aliachiwa uhuru mkubwa: aagize apendavyo, apite njia apendayo. Lakini kila zamu ilikuwa kama dakika mbili, na kipande kilikwenda mwendo ule tu ambao askari wa kweli angaliweza kwenda katika dakika mbili. Mwamuzi alikuwa na jedwali la kupima mwendo na hasara. Uhuru ulikuwapo, na hesabu ilikuwapo. Shikeni jambo hili, tutalirudia.

Sisi nasi tunao mchezo wetu wa akili, bao. Mashimo ni 32, kete ni 64, na kete zote ni sawa: hakuna kete yenye farasi wala yenye mzinga. Watu huteka kete, hupoteza nyumba, hutambiana mpaka jua linachwa. Lakini bao halijiiti vita vya mahali fulani wala vya mwaka fulani. Kwa hiyo hakuna awezaye kuliuliza, Mbona umesema uongo? Anayetaja jina na tarehe ndiye anayedaiwa ushahidi.

VITA VILIVYOPITA JIRANI YETU

Sasa tuchukue vita tunavyovijua, vile vya mwaka 1914 hadi 1918, Wajerumani na Waingereza walipopigana juu ya nchi yetu. Havikutokea Tanga na Rufiji tu. Mwezi wa Aprili 1916 jeshi la jemadari Van Deventer, wengi wakiwa Makaburu juu ya farasi, lilitoka upande wa Arusha, likauteka mlima Lolkisale, likapita Ufiome upande wa Babati, na tarehe 19 likaingia Kondoa Irangi. Usiku wa tarehe 9 Mei Von Lettow-Vorbeck, mkuu wa jeshi la Wajerumani, akaja kuwashambulia pale Kondoa. Hakufaulu kuwatoa.

Tuseme basi mtu ametengeneza mchezo wa vita hivyo, naye ameuliza: Je, nimruhusu mchezaji kuvibadili vikosi? Mtu wa kundi la kwanza atasema, La! Kombania ya Wajerumani ilikuwa na nguo hizi na bunduki hizi, basi.

Lakini tukiifungua historia yenyewe, tunakuta jambo la ajabu: jeshi lile lilikuwa likijibadili kila mwaka. Vita vilipoanza kombania zake zilikuwa 14, na nyingi zilikuwa na bunduki za mtindo wa mwaka 1871, zenye kutoa moshi mwingi hata adui akaona mpigaji alipo. Novemba 1914 Waingereza walipopigwa Tanga waliacha nyuma bunduki 455, bunduki za rashasha 16 na risasi 600,000. Askari wa Kijerumani wakazichukua wakapigana nazo. Julai 1915 manowari Königsberg ilipoangamia katika mto Rufiji, Wajerumani waliitoa mizinga yake 10 mikubwa, wakaitia magurudumu, na mizinga ya baharini ikawa mizinga ya nchi kavu. Njia ya bahari ilipofungwa walisokota pamba na kufuma nguo, wakazitia rangi ya mizizi na magome. Walishona viatu vya ngozi za humu nchini. Na huko Amani katika Usambara walitengeneza kwinini. Tena walipigana pamoja na rugaruga, wasiokuwa na sare moja.

Mwaona basi? Anayesema kikosi kisibadilike hata kidogo, yeye mwenyewe ameiacha historia. Babu zetu walioshika bunduki walivaa kilichopatikana.

Na wanawake je? Katika misafara ya askari wa Kijerumani walikuwamo wake zao na watoto wao, wakipika, wakibeba mizigo, wakijifungua njiani. Von Lettow-Vorbeck alipoweka silaha chini huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala katika Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, alikuwa na Wazungu 155, askari zaidi ya 1,100, wapagazi zaidi ya 1,500, na wanawake mamia kadhaa. Jumla ya wasiokuwa askari iliwapita askari. Mchezo unaoonyesha jeshi hilo bila mwanamke hata mmoja una kosa, hata kama vifungo vya makoti vyote ni sahihi.

Je, kundi la pili limeshinda? Bado.

BEI YA KILA KITU

Bunduki za Tanga zililipwa kwa damu. Mizinga ya Königsberg ilikokotwa na mamia ya watu, kwa kamba, milimani na matopeni. Kwinini ya Amani ilikuwa chungu hata ikafanyiwa mzaha kwa jina la pombe, na bado watu walikufa kwa malaria. Kila badiliko katika vita vile lilikuwa na bei, na aliyelipa kwa kawaida hakuwa yule aliyeamua.

Hapo ndipo penye uongo wa michezo mingi. Uongo haumo katika nguo, umo katika bei. Mchezaji agusa alama, na kikosi chake chapata bunduki ya rashasha. Imetoka wapi? Nani ameibeba? Amekula nini njiani? Kimya.

Tufanye hesabu kidogo, kama tulivyofanya darasani. Mzigo wa mpagazi ulikuwa ratili 60, yaani kilo 27 hivi. Tuseme kilo 25 ili hesabu iwe nyepesi. Mpagazi amebeba unga. Yeye naye ni mtu, ala kilo 1 kwa siku. Kutoka ghala mpaka kwa askari ni mwendo wa siku 10, na kurudi siku 10. Amekula kilo 20. Amewafikishia askari kilo 5. Kombania yenye askari 200, kila mtu kilo 1, yataka kilo 200 kwa siku. Gawanya kwa 5: wapagazi 40, kwa chakula cha siku moja tu!

Sasa jemadari asogeze askari mbele, mwendo wa siku 2 zaidi. Mpagazi atakula kilo 24, atafikisha kilo 1. Chakula cha siku moja chataka wapagazi 200. Siku mbili tu zimeongezeka, na wapagazi wameongezeka mara tano. Siku ya 13 hakifiki kitu. Ndiyo maana majeshi yaliweka maghala njiani, na ndiyo maana, maghala yalipokuwa matupu, yaliingia vijijini yakachukua mtama na ng'ombe wa watu.

Hayo ndiyo yaliyotokea njia ya Kondoa. Mvua za masika za 1916 zilikata njia, magari yakazama, farasi wakafa kwa wingi kwa ndorobo na maradhi mengine, na askari wa Van Deventer wakakaa na njaa katika mji waliouteka. Kusini yao, Ugogo, majeshi yote mawili yalichukua nafaka, mifugo na vijana wenye nguvu. Kisha mvua ikakosekana, na njaa kubwa iitwayo Mtunya ikashika nchi kuanzia 1917 mpaka 1920. Wahenga walisema, Wapiganapo tembo nyasi huumia. Hakuna mchezo wenye haki ya kuwaonyesha tembo tu ukaacha nyasi.

MALI BILA DAFTARI

Upande wa Waingereza peke yake, watu waliochukuliwa upagazi katika vita hivyo hukadiriwa kufika milioni 1, na waliokufa kuwa zaidi ya 95,000. Wengi hawakuuawa na risasi, bali kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na uchovu. Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps; watu wakalitamka wawezavyo, na jina likabaki Kariakoo, pale Dar es Salaam ambapo leo watu hununua nyanya na vitenge.

Tazameni na sanamu. Ile ya Dar es Salaam, iliyosimamishwa 1927, ni ya askari mmoja mwenye bunduki na singe. Nairobi wamesimama watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Sanamu zote mbili ni za vita vile vile. Lakini anayeitazama ya kwanza tu atadhani vita vilipiganwa na watu wenye bunduki peke yao.

Na majina? Mwezi wa Aprili 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Waingereza na wenzao ilitoa taarifa na kuomba radhi. Ilisema kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina katika kumbukumbu zake, au hawakukumbukwa kabisa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na mtu naye vivyo hivyo.

Hii ndiyo sababu nasema ugomvi wa watoto unatuhusu. Kijana wetu hataisoma taarifa ile. Ataucheza mchezo. Mchezo ukiwa na askari wanaotembea bila kula, yeye naye atakua akiamini kwamba vita huendeshwa hivyo, na kwamba yule babu wa babu yake aliyekufa na sanduku la risasi kichwani hakuwa na kazi yoyote vitani.

KUNA WANAOFANYA VIZURI

Tusiwe watu wa kulaumu tu. Uko mchezo uitwao Hearts of Iron IV, uliotolewa 2016 na watu wa Sweden, wa vita vikuu vya pili. Waanza Januari 1936, na mchezaji aweza kuchagua Uhabeshi, wakati Waitalia wamekwisha kuivamia. Humo mchezaji huvitengeneza vikosi vyake apendavyo, lakini kila badiliko hulipiwa: jeshi lazima liwe limepata mazoezi na uzoefu, kila kikosi kinataka watu na silaha zilizotengenezwa kweli, na chakula chapita kwenye reli, bandari na maghala. Ukikimbia mbele ya maghala yako, askari wako wanadhoofika. Humo mchezaji aweza hata kuibadili historia yote, Uhabeshi ikashinda. Hilo halinisumbui. Amebadili mwisho, lakini bei ameilipa.

Hata hapa kwetu watu walijua kujipamba kwa vita bila kudanganya. Kumbukeni ngoma ya Beni, iliyoanza pwani, Lamu na Mombasa, kabla ya vita vile, ikaenea bara pamoja na askari na wapagazi. Vijana walijigawa Marini na Arinoti, wakajipa vyeo, huyu Kingi, huyu Kapteni, wakavaa sare na kuandamana kwa tarumbeta. Sare ziliiga za kijeshi. Lakini kila mtazamaji alijua kwamba hii ni ngoma, na wanachama walichangia gharama. Hakuna aliyerudi nyumbani akidhani ameona vita vya Kondoa.

MCHEZO WA UANI

Mzazi mwenzangu, huenda nyumbani kwako hamna kompyuta. Si kitu. Jaribuni hivi jioni moja. Chora mchangani vituo vinne: Arusha, Lolkisale, Ufiome, Kondoa. Mpe mtoto kokoto 5, hao ndio askari. Mpe maharage 10, hao ndio wapagazi. Kila harage lichukue punje 5 za mahindi. Jumla punje 50. Kila wanapohama kituo, kila kokoto na kila harage hula punje 1, yaani 15.

Akienda moja kwa moja atafika Kondoa amekula 45, amebakiwa na punje 5 na vinywa 15, na kurudi hawezi. Sasa mwambie, Chagua silaha upendayo. Akitaka bunduki ya rashasha, maharage 2 yaache mahindi yabebe bunduki. Chakula ni punje 40. Atafika Ufiome na punje 10, naye ana vinywa 15. Je, amwache nani? Mwache afikiri mwenyewe. Usimjibu upesi. Akisema atachukua chakula katika kijija cha jirani, mwulize kijiji hicho ni cha nani.

Na kwa kijana aliye na simu au kompyuta, usimnyang'anye kwa hasira. Kaa karibu naye umwulize maswali matatu tu: Kitu hiki kimetoka wapi? Nani amekibeba? Nani amebaki bila chakula? Mchezo ukiwa na majibu, acha ambadili askari wake nguo hata mara kumi. Ukiwa hauna, mweleze wewe.

Najua pia kwamba wako vijana wetu, huko Arusha na Dar es Salaam, wanaojifunza kutengeneza michezo ya kompyuta. Ikiwa mmoja wao atatengeneza ule wa vita vya 1914, amwachie mchezaji uhuru wa kofia, wa bunduki na wa njia. Lakini nyuma ya kila kombania atie msafara: wapagazi, wanawake, watoto, mizigo. Na mmoja akianguka, mchezo usiandike namba tu. Umpe jina.